Mkufu wa Mke wa Mjumbe

Kibamba, Dar es Salaam
7 Oktoba 2024

Baba Clara,

Salamu nakuwekea kiporo, nitakupa ukistahili. Clara ana mafua, tangi la maji limejaa, na mimi nina hasira. Simu yako haipatikani. Ujumbe wako mmoja tu, uliotuma kwa simu ya hoteli, ulisema niandike kwa karatasi na kutuma kwa watu wa vifurushi. Haya, naandika.

Jana rozari ilisaliwa kwa Mama Anjelina. Tumefika tendo la tatu, Dada Apolonia akaingia, amechelewa kama wanavyochelewa watu wenye gari. Shingoni ana mkufu wa dhahabu, na kwenye mkufu kidani cha mpira wa miguu, kidogo kama njegere, kinameta. Wanawake wote tukaendelea na Salamu Maria huku macho yako shingoni kwake. Tulipomaliza akanijia na tabasamu lake.

"Jovina mdogo wangu, mbona wako hujauvaa?"

"Wangu upi, dada?"

"He! Kwani Wilbert hajautuma? Kila mjumbe wa mkutano mkuu kapewa mmoja kwa ajili ya mkewe. Mgombea urais wa Baraza lao mwenyewe ndo kawapa. Wangu Gaudens kaniletea Alhamisi, ukiwa bado kwenye kiboksi."

Nikacheka. Unakijua kicheko changu cha namna ile. Nikamwambia wangu uko njiani, nikaenda chooni kwa Mama Anjelina nikalia.

Sasa nieleze. Mzee Gaudens ni mwenyekiti wa Kanda yetu katika hilo Baraza lenu la Kandanda la Dunia. Wewe ni katibu wake. Mlikwenda pamoja Viena kwenye mkutano mmoja. Mwenyekiti karudi na mkufu, katibu kabaki bila simu. Kikao gani hicho? Mwanamume asiye na simu, Wilbert, ni mwanamume mwenye simu mbili.

Shingo yangu iko hapa, inasubiri.

Jovina


Viena
12 Oktoba 2024

Mpenzi Mama Clara,

Nimeipata barua yako, na nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa maana niliiogopa. Mpe Clara asali na ndimu.

Kuhusu mikufu, ni kweli ilitolewa. Mimi nilikuwa mwisho wa foleni na ikaisha kabla hawajanifikia. Simu niliidondosha kwenye sinki la kunawia. Kikao kimeongezwa kwa makatibu peke yao, tunapitia kanuni mpya, kazi ya kuchosha na chakula hakina pilipili. Nitarudi mambo yakiisha, siwezi kutaja siku.

Nakuomba kitu kimoja. Usiiulizeulize habari ya huo mkufu. Ni kitu kidogo, wala hakitufai.

Nakupenda, ingawa najua leo huniamini.

Wilbert


Kibamba
17 Oktoba 2024

Wilbert,

Umekuwa refa miaka kumi na mbili na bado hujui kudanganya.

Dada Apolonia ana video. Alinionyesha kwenye simu yake bila hata mimi kuomba. Uko katikati ya foleni, si mwisho. Unapokea kiboksi kwa mikono miwili, umeinama kidogo kama mtu anayepokea komunyo. Nilirudia kuangalia mpaka akaninyang'anya simu. "Basi, mdogo wangu, utajiumiza," akasema, na huruma yake ilinichoma kuliko ile video. Apolonia ananihurumia mimi! Mimi niliyefika chuo, mimi ambaye nguo yake ya kuvaa kwenye send-off yangu nilimchagulia!

Lakini hilo si kubwa. Jumatatu jirani yetu Mwalimu Wilfred alinisaidia simu yake nikapiga hotelini kwako. Wakaniunganisha chumbani. Akapokea mwanamke. Si Mzungu, Wilbert, Mswahili! Kiswahili kimenyooka, sauti ya kusoma taarifa ya habari.

"Bwana Wilbert yuko kwenye mazungumzo, hawezi kukatizwa. Mimi naitwa Hope. Nimwambie nani kapiga?"

Hope! Jina lenyewe limepakwa manukato. Nikakata. Nilishindwa kusema mimi ni mkewe, nikaona kama nitakuwa namwomba ruhusa.

Basi mkufu najua uko kwenye shingo gani. Usiku napika chai siinywi. Nawaza shingo yake ilivyo, nyembamba au ndefu, na kama ulimfunga wewe mwenyewe kwa vidole vyako hivyo visivyojua hata kufunga zipu ya gauni langu.

Sitakuja na kelele. Kwenye semina ya ndoa tulifundishwa ndoa ikiyumba usikimbilie kwa wazazi wala usikimbilie kwa padri, anza na wasimamizi wa ndoa, waliosimama nyuma yenu siku ile altareni. Wetu ni Mzee Gaudens na Dada Apolonia. Jumapili, baada ya misa ya pili, nitakwenda kwao niwaeleze yote. Mzee ni mkubwa wako kazini na ni baba kwetu. Atakuuliza yeye.

Jovina


Viena
21 Oktoba 2024

Jovina, usiende.

Barua yako imefika leo Jumatatu na jana ilikuwa Jumapili. Natumaini mvua ilinyesha, natumaini Clara alizidiwa, Mungu anisamehe kwa kutumaini hivyo. Kama hujaenda, usiende. Nilikuwa nimeapishwa nisimwambie mtu, hata mke. Leo navunja kiapo.

Mkufu niliupokea. Asubuhi yake niliupeleka kwa kamati ya maadili ya Baraza. Wameufunga kwenye mfuko na kuupiga muhuri. Simu yangu pia wanayo wao, wanasoma ujumbe tulioandikiana kabla ya kura. Nimebaki hapa kwa sababu mimi ni shahidi.

Na ninayemtaja, Jovina, ni Mzee Gaudens. Ndiye aliyetupanga foleni tukapokee zile zawadi. Ndiye aliyemwahidi mgombea kura zote za Kanda yetu, na ujira wake ni kiti cha makamu wa rais wa Baraza, wanachokipigia kura tarehe 15 Novemba. Ule uwanja wa watoto wa Temeke wenye nyasi bandia, ambao umefunguliwa mara mbili kwenye picha, ni yeye alisaini kwamba umejengwa. Nilikwenda kuuona kabla ya safari. Pale watu wanalima mchicha.

Yeye anajua kuna shahidi. Hajui ni nani. Anaamini kweli napitia kanuni. Akijua mapema atapata nafasi ya kujipanga, na mimi sina ulinzi wowote zaidi ya kutojulikana.

Hope ni mkalimani aliyeajiriwa na kamati. Niliomba nihojiwe kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu kinatosha uwanjani tu. Tunahojiwa humu humu hotelini ili nisionekane kwenye ofisi zao. Alipopokea simu tulikuwa watu watano chumbani.

Sikukuambia pia kwa sababu Mzee na mkewe ni wasimamizi wetu. Sikujua ungembeba vipi moyoni Dada Apolonia ukiyajua haya, halafu mkae naye kwenye rozari.

Wilbert


Kibamba
21 Oktoba 2024

Baba Clara,

Leo nina roho nyepesi, kwa hiyo salamu zako hizi hapa, zile nilizokuwekea.

Jana nilikwenda. Nilimwamkia Mzee shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole kama siku zote, akazima televisheni. Nikamweleza yote tangu mwanzo. Hakunikatiza. Unajua ni wanaume wangapi wanaweza kumsikiliza mwanamke bila kumkatiza? Nilipomaliza akauliza mambo machache tu. Simu yako iliharibika lini. Huyo Hope alisema uko kwenye mazungumzo, ni mazungumzo na nani. Mkufu una uhakika hukuuona hata kwa picha. Hoteli ni ipi, ghorofa ya ngapi. Nikamjibu yote, nikamwandikia na anwani.

Akakunja ile karatasi ya anwani akaitia mfukoni. Halafu akasema taratibu, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Nikalia, maana ndivyo ilivyo. Akatoka nje kupiga simu, nikajua anakutafuta akukemee.

Dada Apolonia ndiye aliyenimaliza kabisa. Alifungua mkufu wake, akaja nyuma yangu, akanivalisha. "Vaa, mdogo wangu, mpaka wako upatikane. Mke wa katibu haendi kanisani shingo tupu watu wakamsema." Nikakataa, akalazimisha. Jioni kwenye rozari akanipiga picha mlangoni, akasema nigeuke kidogo mwanga uchukue kidani. Na nikuambie ukweli, nilijiona mzuri. Mama Anjelina alitazama mpaka akapotea hesabu ya Salamu Maria.

Wiki mbili nzima nimemwonea wivu mwanamke huyu, kumbe ana moyo kuliko mimi. Wewe mwenzangu jiandae. Mzee akikupata, nyooka.

Jovina


Viena
26 Oktoba 2024

Jovina,

Jana waliniita tena. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mtu mzima wa huku, akaweka picha mezani. Ni wewe, mlangoni kwa mtu, umegeuka kidogo, na mkufu uko shingoni.

"Huyu ni mke wako?" Nikasema ndiye.

"Mkufu huu ameupata wapi?" Nikasema sijui. Ndilo jibu lililonitoka, na ndilo lililoandikwa.

Gaudens ametuma maelezo yake kupitia wakili. Anasema wake aliukataa na mkewe hana. Anasema mimi nilichukua miwili, mmoja nikampelekea mke wangu na wa pili nikauleta kwa kamati ili nimwangushe, kwa sababu namwonea wivu. Wajumbe wengine wawili wa Kanda wamesaini kwamba waliona. Kwa hiyo sasa anayechunguzwa ni mimi. Wakiamini hilo, nafungiwa mpira maisha, na yeye anachaguliwa tarehe 15.

Barua yako ya baada ya Jumapili bado haijanifikia, hivyo sijui kilichotokea kwa Gaudens. Nakuuliza kama mumeo, si kama mtuhumiwa. Mkufu ule kakupa nani? Nimelala na swali hilo. Nimepitia wanaume wote ninaowajua pale Kibamba, mpaka Mwalimu Wilfred wa watu. Nilikuwa nakucheka moyoni kwa habari ya Hope. Sasa nimeonja ulichokipitia.

Wilbert


Kibamba
31 Oktoba 2024

Wilbert,

Barua yako ya kunikataza ilifika Ijumaa. Niliisoma nimeuvaa mkufu. Niliuvua haraka hadi nikachubuka shingo. Ya pili imefika jana. Najua nilichokifanya, huna haja ya kuniambia. Bila shaka na yangu ya tarehe 21 umeshaipata, kwa hiyo Mwalimu Wilfred mwache apumzike.

Ijumaa hiyo hiyo nilipanda kwao. Hawakunifungulia. Dada Apolonia alikuja mpaka getini, akasimama upande wa ndani. Nikampitishia mkufu kwenye nondo.

"Chukua mali yako, dada."

"Mkufu gani?" akasema kwa sauti kubwa, mlinzi asikie. "Mie wangu mume wangu kaukataa kule kule. Nani kakuhonga huo?"

Nikamwambia, dada, mie ni Jovina. Ulinifunda wewe. Ulinishika mkono nikitoka kwa wazazi.

Akasogea karibu. Safari hii alinong'ona. "Na nani katuanza? Mumeo alianza kumwonea Gaudens wivu siku aliyokosa kiti kwenye kamati ya waamuzi. Wewe ukanionea mie siku ya rozari, niliona macho yako. Kila mtu kataka cha kwetu, basi chukueni." Akageuka akaenda zake, na mimi nikabaki na dhahabu mkononi mchana kweupe.

Nikazunguka kwa wenzetu wa jumuiya kuomba wanishuhudie. Wote walimwona ameuvaa mkufu ile rozari ya kwanza, wote. Mama Anjelina akasema, "Mie nikisali nafumba macho." Mama Noela akasema mtoto wake kaahidiwa kazi Kanda na hataki ishu.

Nina mambo mawili ya kukuambia, na la kwanza ni baya. Niliposoma kwamba Hope ni mkalimani, kabla sijawaza habari ya kazi yako, kabla sijawaza chochote, nilifurahi. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu. Wewe unaangamia kwa mkono wangu na mimi nashangilia kwamba hakuna mwanamke. Ndivyo wivu ulivyonifanya.

La pili ni swali. Kiti cha kamati ya waamuzi. Ni kweli?

Jovina


Viena
5 Novemba 2024

Mama Clara,

Ni kweli. Aliniahidi kile kiti, na mimi nilikuwa nimeshakikalia kichwani. Akampa shemeji yake Praygod, ambaye hajui mchezaji ameotea hata umwonyeshe kwa kidole. Niliendelea kumwandikia hotuba zake na kumbebea mkoba. Kila akipigiwa makofi kwa maneno yangu, nilikuwa napiga na mimi, na tumbo linaniuma.

Niliposhika kile kiboksi, sikuiona haki kwanza. Niliiona sura ya Gaudens ikianguka, na nikaona raha. Mambo ya Temeke na watoto na mchicha yalinijia baadaye, alfajiri. Yalikuja kweli, lakini yalikuja ya pili. Hope alipotafsiri maelezo yangu ya mwanzo nilimwomba asilisahau hilo, akalitafsiri. Kwa hiyo kamati walijua nina wivu kabla Gaudens hajawaambia. Wanachotaka kujua ni kama mimi ni mwizi pia.

Watakusikiliza wewe Jumatatu ijayo, tarehe 11, kwa video, ofisini kwa wakili mmoja Kinondoni. Mimi sitaruhusiwa kuwepo wala kusikia. Peleka ule mkufu. Sikufundishi la kusema. Ukiona huwezi, usiende, na sitakulaumu hata siku moja.

Wilbert


Kibamba
13 Novemba 2024

Baba Clara,

Nimekwenda.

Nilivaa kitenge cha kijani, shingo tupu. Wakili, kijana anaitwa Twaha, aliniketisha mbele ya kompyuta. Kwenye kioo wakatokea watu watatu na yule mama mwenyekiti katikati. Pembeni, kwenye kiboksi chake peke yake, akatokea mwanamke mweusi kama mimi, nywele fupi, shingo ndefu. "Naitwa Hope, nitatafsiri," akasema. Niliijua ile sauti kabla hajamaliza.

Wakaniuliza nimeupata wapi mkufu. Nikasema kwa Apolonia, mke wa Gaudens, nyumbani kwake, Jumapili tarehe 20. Wakauliza kwa nini mwanamke ampe mwenzake dhahabu. Nikasema kwa sababu nilikwenda kwao nalia. Kwa nini unalia? Hapo, Wilbert, nikaona njia mbili. Ningeweza kusema mume kachelewa kurudi, nikatoka na heshima yangu.

Nikasema, "Nilidhani mkufu wangu kampa hawara."

Hope akatafsiri. Mama mwenyekiti akauliza, "Kulikuwa na mwanamke uliyemshuku?"

Nikasema, "Yupo. Ni huyu anayetafsiri."

Twaha akainamisha kichwa. Hope alinitazama, halafu akageuka akatafsiri neno kwa neno, na Kiingereza ninakijua, hakupunguza chochote. Nikaendelea. Nikawaambia nilivyompigia nikakata simu, nilivyokwenda kumshtaki mume wangu kwa mtu yule yule, nilivyomwandikia na ghorofa ya hoteli, nilivyogeuka kidogo ili kidani kichukue mwanga. Niliwaambia na kwamba nilijiona mzuri. Yeye anatafsiri, mimi nasema, sote wawili tunatokwa jasho.

Mwisho mama mwenyekiti akavua miwani. Alisema amesikiliza waongo wengi kwenye kazi ile, na kila mmoja alidanganya ili aonekane bora kuliko alivyo, hajamwona bado anayetunga uongo wa kujidhalilisha. Kikao kikafungwa. Kabla hajapotea kwenye kioo, Hope akasema kwa Kiswahili, "Pole, Mama Clara." Hilo hakuna aliyemwagiza alitafsiri.

Leo asubuhi Twaha amepiga simu. Jina la Gaudens limetolewa kwenye kura ya tarehe 15 na uchunguzi umerudi kwake, Temeke na yote. Wewe uko huru kurudi, ila ukatibu umekwisha, maana Kanda nzima hawataki kukuona. Huku mtaani jana nilikaa benchi peke yangu kwenye jumuiya. Wasimamizi hatuna tena. Tukigombana itabidi tumalizane wenyewe.

Na tunagombana. Najua sasa hukumgusa yule mwanamke, hata kwa mawazo, naamini. Lakini mwezi mzima umekaa naye chumbani ukimwambia yote. Umemwambia habari ya kile kiti, na tumbo lako, na ile raha uliyoiona Gaudens akianguka. Mimi nimelala na wewe miaka yote hiyo nikidhani una vidonda vya tumbo, nakuchemshia uji. Yeye alijua kabla yangu. Ungempa mkufu ningesahau mapema kuliko hili.

Rudi, Wilbert. Ukifika usiniletee kitu. Kaa jikoni uniambie na mimi, tangu mwanzo, bila mkalimani.

Jovina